Ala Isiyoonekana: Safari ya El Paso

Mji wa El Paso umekaa kwenye ncha ya magharibi ya jimbo la Texas, pale ambapo mto Rio Grande unapenya baina ya milima mikavu na kuwa mpaka wa Marekani na Meksiko, na apitaye katika barabara kuu ya kuingia mjini huziona nyumba za Ciudad Juárez zimetapakaa vilimani ng'ambo ya pili, karibu vile vile kama mtu wa Mombasa anavyoiona Likoni akiwa kisiwani anangoja feri. Ni mji wa jua kali na vumbi, ambao wengi wa wakazi wake hunena Kihispania nyumbani na Kiingereza afisini, na tangu reli ilipoufikia mwaka 1881 na kuufanya njia panda ya ng'ombe, wachimba madini, wanajeshi na wacheza kamari, umejipatia sehemu ya riziki yake kwa kazi ya ngozi. Duka la matandiko ya farasi liitwalo El Paso Saddlery lilianzishwa mwaka 1889, na jina lake lingalipo. Tony Lama alifungua karakana yake ya viatu mwaka 1911, na hata leo viatu virefu vya wachunga ng'ombe vya mji huu huvaliwa na watu ambao hawajapata kumgusa ng'ombe maishani mwao. Naye Sam Myres, mtengeneza matandiko aliyehamia hapa kutoka Sweetwater karibu na mwaka 1920, aliwashonea askari na watu wa mpakani mikoba ya bastola iliyokuja kusifiwa nchi nzima.

Mikoba hiyo ya Myres na ya mafundi wa rika lake ilikuwa ya kiunoni, imenakshiwa maua na majani kwa mkono, nayo ilikusudiwa ionekane. Jambo hilo halikuhitaji maelezo kwangu, kwani mimi ni mtu wa pwani, na katika utoto wangu nimewaona wazee wa Kiarabu wakitoka siku ya Idi na majambia yao mbele ya tumbo, ala zimepambwa nyuzi za fedha na ncha zimepinda kuelekea juu, wala hakuna aliyewaza kwamba mzee yule ana nia ya kumchoma mtu. Waomani wameliweka jambia hata katika bendera ya nchi yao, na humo pia limechorwa ndani ya ala yake. Kwa watu wa namna hiyo ala ni hadhi kabla ya kuwa kinga. Nilichokifuata mimi El Paso kilikuwa kinyume cha hayo yote: ala ya ngozi ya kutiwa mfukoni mwa suruali pamoja na bastola ndogo, ambayo fundi huitaabikia siku kadhaa kwa ustadi wote aliojaliwa, na ambayo ikiwa ameifanya sawasawa, hapana kiumbe atakayejua kama ipo.

Mwenyeji wangu alikuwa mtoto wa ndugu yangu, kijana aliyezaliwa Mombasa na sasa ni muuguzi katika hospitali moja ya mji ule. Siku za mwanzo, alipokuwa akinitembeza madukani, kilichonishughulisha zaidi ya bidhaa ni milango. Katika baadhi ya milango yalibandikwa mabango mawili, moja lenye nambari 30.06 na jingine 30.07, kila moja limeandikwa Kiingereza na Kihispania kwa herufi kubwa mno kwa tangazo la kawaida.

"Hizo ni nambari za vifungu vya sheria ya jinai, Ami," akaniambia. "La kwanza linamkataza mwenye leseni kuingia na bastola iliyofichwa, la pili linamkataza kuingia nayo ikionekana. Na sheria imeweka hata kimo cha herufi, zisipungue inchi 1."

"Na mlango usio na bango?"

"Mlango usio na bango, Ami, afadhali mtu asiulize."

Sheria hizi zina historia ambayo mgeni haitazamii. Aghalabu sisi tuliokulia katika sinema hudhani kwamba Texas tangu kuumbwa kwake ilikuwa nchi ya kila mtu na bastola yake, kumbe bunge la jimbo lilipiga marufuku mwaka 1871 kubeba bastola mwilini au kwenye tandiko la farasi, isipokuwa kwa msafiri, kwa aliye nyumbani kwake na kwa wengine wachache waliotajwa, na katazo hilo, licha ya kurekebishwa mara kwa mara, lilidumu zaidi ya miaka 120. Mwaka 1995 ndipo jimbo lilipopitisha sheria ya leseni ya kubeba bastola iliyofichwa, ikaanza kutumika mwaka 1996. Tangu tarehe 1 Januari 2016 mwenye leseni aliruhusiwa kuibeba waziwazi pia, kwa sharti kwamba iwe katika mkoba wa begani au wa kiunoni. Na mnamo Septemba 2021 leseni yenyewe ikaacha kuwa lazima kwa mtu mzima wa miaka 21 ambaye hajakatazwa na sheria nyingine, likabaki sharti kwamba bastola iwe ama imefichwa ama imo mkobani. Nadra mno kazi ya mshona ngozi kutajwa katika sheria ya nchi! Lakini angalia pia ilivyokuwa kati ya mwaka 1996 na mwaka 2016: kwa miaka 20 raia wa Texas aliyetoka na bastola kwa leseni yake alitakiwa asiionyeshe, na katika miaka hiyo ndipo soko la ala ya mfukoni lilipopata nguvu katika jimbo hili, si kwa sababu watu walichoka na nakshi za Myres, bali kwa sababu sheria iliamuru siri.

Silaha yenyewe ya mfukoni ni ya zamani kuliko sheria hizo. Henry Deringer wa Philadelphia alikuwa akitengeneza bastola ndogo za risasi moja tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19, na ni moja katika hizo ambayo John Wilkes Booth aliingia nayo katika ukumbi wa Ford's Theatre usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, akamuua Rais Lincoln. Baada yake Remington walitoa ile ya mitutu miwili iliyopandana, ikauzwa kuanzia mwaka 1866 mpaka 1935; Colt wakatoa mwaka 1908 bastola iliyobuniwa na John Browning, ndogo kiasi cha kuingia mfuko wa kizibao; Smith & Wesson wakatoa mwaka 1950 ile ya matundu matano ya risasi; na mwaka 2008 kampuni ya Ruger ikatoa LCP, ambayo bila risasi uzito wake ni chini kidogo ya wakia 10. Kitu chepesi hivyo mtu hukisahau mfukoni, na hapo ndipo hatari ilipo. Mfuko wa suruali una funguo, sarafu, kalamu na mavumbi ya pamba. Ufunguo mmoja ukipenya kwenye duara la chuma linalokizunguka kifyatulio, mwenye bastola aweza kujipiga paja lake mwenyewe akitafuta chenji ya kulipa mkate.

Fundi niliyemwendea alikuwa mzee wa asili ya Kimeksiko, mwana wa mshona viatu, na karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu katika mtaa wa kusini, si mbali na daraja la kuvukia Juárez. Alitupokea kwa taadhima, akatuletea viti, akamwuliza kijana wangu kwa Kihispania kama mimi ni mnunuzi au mwandishi, na alipojibiwa kuwa ni mwandishi akaonekana kufarijika, kwani mwandishi, alisema, hataki punguzo la bei.

Juu ya meza yake palikuwa na nusu ya ngozi ya ng'ombe, rangi yake ni ya uji wa mtama, ngumu kidogo na yenye harufu ya magome. Ngozi ya kazi hii ni ile iliyoivishwa kwa maji ya mimea, sio ile ya chumvi za kromiamu ambayo hutumika kwa majaketi na mikoba laini ya wanawake. Maana ile ya kromiamu, hata ukiilowesha na kuikandamiza namna gani, hurudi kulegea, na chumvi zake huweza kukidhuru chuma kinachokaa nayo kutwa, ilhali ngozi ya mimea hushika umbo ulilolipa ikiwa majimaji na halitoki tena. Hapo fundi alisema neno lililonifanya nisogeze kiti. Ngozi hii, alisema, huletwa kutoka kiwanda cha Pennsylvania, nayo huivishwa kwa mchanganyiko wa mti wa Amerika ya Kusini uitwao quebracho pamoja na mimosa. Mimosa hiyo ni dondoo la magome ya muwati, ule mti uliotoka Australia ukapandwa katika nyanda za juu za Kenya na kule Njombe, ambako kampuni ya miwati ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940; na utotoni nimeyaona magome yake kwenye malori, yamefungwa matita matita, pasina yeyote kati yetu kuwaza yanakokwenda baada ya kupanda meli. Sikuwa na njia ya kuthibitisha kama kipande kile kiliivishwa kwa magome ya Njombe au ya Natal, lakini nilikinusa kwa muda mrefu zaidi kuliko adabu inavyoruhusu.

Unene wa ngozi mafundi wa Marekani huupima kwa wakia, na wakia moja kwa hesabu yao ni sehemu ya 64 ya inchi. Mkoba wa kiunoni hutaka wakia 8 na zaidi. Ala ya mfukoni hutosheka na 4 au 5, kwani kila unene unaozidi huonekana juu ya nguo. Baadhi ya mafundi hupendelea ngozi ya farasi, iliyo nyembamba na yenye msokotano mkali wa nyuzi, nayo huvumilia jasho vizuri. Yeye alikuwa nayo kidogo, ameifunga karatasi, akaionyesha kwa fahari kisha akairudisha sandukuni.

Alianza kwa kiolezo cha karatasi nene, akiilaza juu yake bastola ya bandia, iliyo ya plastiki ya buluu na ya vipimo vile vile vya ile ya kweli, maana hakuna silaha halisi inayoruhusiwa juu ya meza yake ya kazi. Akaizungushia kalamu, akaongeza nafasi ya mshono na ya unene wa chuma, kisha akakata ngozi kwa kisu chenye umbo la hilali, ambacho hakukivuta bali alikibiringisha. Kila nilipodhani amemaliza kukata aliondoa tena uzi mwembamba wa ngozi pembeni. Ala ya mfukoni, alieleza, haina mahali pa kufungiwa; haina mshipi wala kishikizo, na kama haikukatwa kwa akili hutoka pamoja na bastola, naye mtu akajikuta mbele ya adui ameshika kipande cha ngozi. Dawa yake ni mbili. Kwanza upande wa nyama, ule mkwaruzo, hugeuzwa nje ili ung'ang'anie kitambaa cha mfuko, na upande laini wa manyoya huwa ndani ili chuma kiteleze. Pili, chini ya ala huachwa pembe iliyochongoka mithili ya ndoana, ambayo mkono ukivuta juu hukwama kwenye mdomo wa mfuko, bastola ikatoka na ala ikabaki. Kwa hivyo umbo lake, likitazamwa mezani, halina uzuri wowote. Lina kisigino upande mmoja na bapa upande wa pili, na bapa hilo huelekezwa nje ya paja ili atazamaye aone pembe nne za pochi ya fedha wala asione mtutu na kitako.

Nilimwuliza kwa nini basi asiifanye pochi hasa, yenye tundu la kidole, mtu asihangaike kuitoa. Akacheka, akasema kwamba vitu hivyo vilikuwapo, na kwamba serikali ya shirikisho, kwa sheria ya silaha ya mwaka 1934, huihesabu bastola iliyomo katika pochi ya namna hiyo kuwa silaha ya jamii nyingine ambayo haina budi kusajiliwa. "Mimi hufunika kifyatulio chote," akasema, na akapitisha kidole gumba juu ya ngozi pale mahali. "Asiyetaka kifunikwe, na aende kwingine."

Kushona ndiko kulikonikalisha. Alipaka gundi kwenye kingo, akazibana, akazisugua mpaka tabaka mbili zikaonekana moja, akachimba mfereji mwembamba wa kuulaza uzi, akapitisha kigurudumu chenye meno kuweka alama, kisha akashika msharasi. Uzi wa kitani alikwisha kuupitisha kwenye bonge la nta, na una sindano kila ncha. Msharasi hutoboa tundu moja, sindano ya kushoto huingia, ya kulia huingia katika tundu lilo hilo kwa upande wake, nyuzi mbili hupishana ndani ya ngozi, na mikono miwili huvutwa kwa pamoja hadi nje ya mabega. Cherehani haiwezi kazi hii, alisema, kwa kuwa uzi wa juu na wa chini wa cherehani hushikana tu, ukikatika mmoja na mwenziwe hufumuka, hali nyuzi za mshono wake kila mmoja husimama peke yake. Nilikuwa nimesikia majisifu kama hayo kwa mafundi wengi wa mkono, na mara nyingi nimeyatilia shaka. Lakini alipochukua ala kuukuu iliyorudishwa kubadilishwa rangi, yenye mshono uliokatika mahali pawili na bado haikuachia, nilinyamaza.

Baada ya hapo aliitumbukiza ala katika bakuli la maji ya uvuguvugu mpaka mapovu yakakoma kutoka, akaiacha ipumue kidogo, akaisukumia ndani ile bastola ya buluu, akiwa amelaza kijiti chembamba cha mbao juu ya mtutu ili kibaki kijia cha kupitia shabaha ya mbele, isije ikakwaruza wakati wa kuchomoa. Akachukua kipande cha mfupa kilicholainishwa na kuanza kuikandamiza ngozi kuzunguka kifyatulio, hapo tu na si kwingine. Upande wa bapa hakuugusa. Fundi wa mkoba wa kiunoni angelichora kila pindo la chuma hata mtu asome jina la kiwanda, lakini huyu alilazimika kuishikilia silaha kwa ndani na kuikana kwa nje, akatumia zaidi ya nusu saa kwa sehemu isiyozidi upana wa vidole viwili.

Tulipokuwa tukingoja ikauke fundi alituhadithia habari za ushindani. Vijana sasa hutumia bamba la plastiki liitwalo Kydex, ambalo hupashwa moto na kufinyangwa kwa dakika chache, halinyonyi jasho wala halihitaji mafuta, na bei yake ni ndogo. Hakulitukana. Alikiri kwamba bastola isilazwe miezi katika ala ya ngozi, kwani ngozi hunyonya unyevu wa hewa na chuma kikapata kutu. Iliyolala iwekwe penginepo. Alisisitiza tu kwamba plastiki huteleza mfukoni, na katika mfuko huo ndimo yeye anamokula.

Kisha, bila kuulizwa, alizungumza juu ya tarehe 3 Agosti 2019, siku ambayo mtu mmoja aliendesha gari kutoka upande wa Dallas mpaka dukani Walmart hapa mjini, akawafyatulia risasi watu waliokuwa wakinunua mahitaji yao, kwa chuki dhidi ya watu wa asili ya Kihispania, na waliokufa wakafikia 23. Baada ya siku ile, alisema, walimjia watu ambao hakutazamia kuwaona: walimu, wauza maua, bibi wa kanisani kwake. Aliwashonea wote. Muuaji yule alikuja na bunduki ya mtindo wa kivita, na mimi sikuona ni vipi kijibastola cha wakia 10 kingemzuia, nikamwambia hivyo, kijana wangu akatafsiri kwa sauti ya chini. Mzee hakukasirika. Alisema kwamba hata yeye haoni, lakini mteja hakuja kununua hoja. Nami nilibaki na rai yangu, kwamba mji wenye kushona silaha mifukoni mwa walimu una ugonjwa usiotibika kwa mshono, hata uwe wa sindano mbili. Na ustadi wa mtu yule nao haukupungua machoni pangu kwa rai hiyo.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kurudi karakanani, tulipita katika makaburi ya Concordia kumwona John Wesley Hardin, mwuaji mashuhuri aliyegeuka wakili na kuuawa na John Selman tarehe 19 Agosti 1895 katika baa ya Acme, akicheza dado. Kaburi lake limezungushiwa vyuma kama tundu. Hatukukaa.

Ala ilikuwa imekauka na kuwa ngumu, na ilipogongwa kwa ukucha ilitoa sauti ya mti. Fundi alikuwa amezipiga kingo nta ya nyuki na kuzisugua kwa kitambaa kigumu mpaka zikang'aa, sehemu pekee ya ala ile kung'aa, na mteja aliyeiagiza alikuwa amefika: mwanamke wa makamo, mwalimu mstaafu, aliyevaa suruali ya kadeti na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliitia ala mfukoni ikiwa na ile bastola ya buluu, akatembea hadi mlangoni, akaketi, akainuka, akainama kufunga kiatu, na fundi alimfuata kwa macho, kichwa amekiinamisha upande. Alipoketi mara ya pili, kitako cha bastola kilichungulia juu ya mfuko kwa upana wa kidole.

"Imezidi urefu," mama akasema.

"Ala haikuzidi, señora, mfuko umepungua. Suruali za wanawake hushonwa na watu wasiotaka mbebe hata leso."

"Kwa hiyo nikanunue suruali ya mume wangu?"

"Ingekuwa nafuu kwako na kwangu."

Walibishana hivyo kwa muda, mama akidai ndoana ya chini ikatwe, na fundi akikataa katakata kwa kuwa bila ndoana ala itatoka na bastola, mpaka kijana wangu alipoingilia kwa adabu na kuuliza kama mshona nguo hawezi kuuongeza mfuko kwa ndani. Wote wawili wakamgeukia. Fundi akachukua rula, akapima mfuko, akaandika katika karatasi inchi 1 na nusu, akampa mama anwani ya mshonaji aliye mtaa wa pili, na akamtoza bei kamili.